Gari Ndani, Mlango Chini

Jumamosi, 7 Septemba

Janelle amekuja, amekula, amenipa sharti, ameondoka. Ndivyo binti yangu alivyo. Kamfuata baba yake kwa kila kitu isipokuwa kucheka.

Sharti lenyewe ni hili: gari lilale ndani ya gereji ya hapa nyumbani kabla ya kuanguka ile theluji isiyoyeyuka mpaka Aprili. Likiwa ndani, nabaki kwangu na yeye hatasema tena. Likiwa nje, nafunga nyumba na kwenda kukaa kwake mjini, kwenye kile chumba cha chini chenye kidirisha cha kupita paka. Yote haya kwa sababu Februari iliyopita niliteleza nikienda kukwangua barafu kwenye vioo vya gari, nikakaa pale chini kama gunia mpaka Wendell wa ng'ambo ya barabara aliponiona. Reino, mume wangu, alikuwa hospitali wakati huo. Machi akafa. Mguu wangu umepona, Janelle ndiye hajapona.

"Safari hii nani atakuokota, Mama?"

"Wendell yupo."

"Wendell ana miaka themanini."

"Sabini na tisa," nikasema, kana kwamba hiyo ni hoja.

Nimekubali, kwa sababu ningekataa angelia, na akilia huendesha gari vibaya. Naandika haya maana Reino hayupo wa kumlalamikia. Alikuwa hanisikilizi, lakini alikuwepo.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimepandisha mlango wa gereji, nimetazama, nimeushusha.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo nimeanza kweli. Reino alikuwa mtu wa "itafaa siku moja." Mashine za kukata nyasi tatu, inayofanya kazi moja. Mtumbwi uliotoboka. Milango miwili ya nyumba ambayo si yetu. Makopo ya misumari iliyopinda, ambayo angeinyoosha siku moja. Katikati ya yote hayo, pale pale gari linapotakiwa kukaa, kuna baraza lake: viti, friji ya bia na lile jiko la chuma la kuota moto.

Sikuwa nimemaliza hata kona moja kabla Wendell hajavuka barabara. Nyuma yake Clifford, jirani mwingine na rafiki wa Reino, na mbwa wake. Hawakubisha hodi, huku kwetu hakuna anayebisha hodi. Mlango wa mbele wa nyumba ni wa mchungaji na wachuuzi. Mlango wa gereji ukiwa juu, mwenye nyumba yupo na watu wanaingia. Ukiwa chini, watu wanapita.

"Shemeji, unahama?" Wendell akauliza, huku anakaa.

"Nasafisha."

"Hapa? Basi hiyo kazi wataimalizia wajukuu."

Clifford huongea kama anayelipia kila neno. Alifungua friji, akakuta bia za Reino za majira ya joto ya mwaka jana, akatoa tatu. Tumekaa mpaka jua likashuka nyuma ya misonobari. Nikawaambia wameniharibia siku. Wendell akasema karibu tena. Kwenye gereji yangu mwenyewe ananiambia karibu tena.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua. Mlango juu hata hivyo. Wamekuja wote wawili, hakuna kazi iliyofanyika.

Jumapili, 29 Septemba

LaVonne, jirani yangu tunayesali naye, amekuja baada ya ibada, na keki ya tufaha, kunisuta kwa kutokwenda kanisani. Nimemwambia ukweli. Tangu mazishi, kila mtu pale ananishika mkono kwa mikono yake miwili na kuinamisha kichwa upande. Nachoka kushikwa mkono.

"Basi mimi sikushiki," akasema. "Nipe ufagio."

Tukafanya kazi kama punda. LaVonne ana mdomo, lakini mikono pia anayo. Panya walikuwa wamezalia ndani ya glavu ya Reino, ile ya ngozi ya kulungu. Nilidhani nitapiga kelele, badala yake nikakaa juu ya ndoo nikalia. LaVonne akaichukua glavu na panya wake, akaipeleka nyuma ya uzio, akarudi akaendelea kufagia bila kunitazama. Hivyo ndivyo tunavyofarijiana huku. Unapewa nafasi ulie, na sakafu inaendelea kufagiwa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Jalidi asubuhi, nyasi zote nyeupe kwa barafu nyembamba. Nimefunga bomba la nje, nimekunja mipira ya maji, nimemwaga petroli yote ya mashine ya nyasi. Kisha nikaivuta mbele mashine ya kusafishia theluji, nikaitia petroli mpya, nikavuta kamba. Ikawaka mara ya kwanza. Reino alikuwa akiitukana nusu saa nzima kila mwaka.

"Ilikuwa inamwogopa," Wendell akasema.

"Ilikuwa imemchoka."

Tumecheka. Kisha macho yakaenda kwenye kiti cha Reino, ambacho hakuna aliyekikalia tangu Machi.

Jumapili, 20 Oktoba

Mtumbwi umeondoka, milango imeondoka, misumari imeondoka. Nimepima upana wa gari kwa kamba, nikaitandaza kamba sakafuni. Nimeigeuza huku, nimeigeuza kule. Haiwezekani. Ama baraza ama gari.

Janelle kapiga simu jioni. "Umefika wapi?"

"Nakaribia."

"Mama, huku wametangaza theluji wiki ijayo."

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo nimelivunja baraza la Reino. Friji nimempa LaVonne aipeleke kwenye jiko la kanisa. Jiko la chuma amechukua Wendell. Viti vyote kavichukua Clifford kwa gari lake la mizigo, na alipokuwa anavifunga kamba alikaza sana, kama mtu mwenye hasira na kamba.

Nilingoja mmoja wao aniulize kwa nini. Ningewaambia habari ya Janelle na sharti lake, japo naona aibu, mwanamke wa umri wangu kuwekewa masharti na mtoto niliyemnyonyesha. Lakini hakuna aliyeuliza, na mimi si wa kujitangaza.

"Basi sawa," Wendell akasema.

"Ndiyo, basi sawa," nikasema.

Clifford akagusa kofia. Mbwa ndiye aliyegoma kupanda gari.

Jumamosi, 2 Novemba

Limeingia. Nimeliingiza taratibu, kioo cha upande huu kikabaki na nafasi ya kiganja, cha upande ule vilevile. Koleo za theluji ziko ukutani kwa kupangwa, ndoo ya mchanga mlangoni, mashine ya theluji kwenye kona inakofikika. Hata Reino angesema kitu. Nimebonyeza rimoti, mlango ukashuka nyuma yangu, nikakaa ndani ya gari gizani nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Nimempelekea Janelle picha. Amejibu kwa kidole gumba.

Jumamosi, 9 Novemba

Msimu wa kuwinda kulungu umefunguliwa leo. Miaka yote akina Wendell walikuwa wanawaning'iniza kulungu wao kwenye boriti ya gereji yetu, na gereji inajaa wanaume wenye nguo za kuwindia za rangi ya chungwa, kila mmoja akieleza alivyolenga, na mimi nikilalamikia damu sakafuni.

Nimechemsha birika zima la kahawa. Saa nane gari la Clifford limepita, mguu wa kulungu unaonekana nyuma. Halikupunguza mwendo. Nilikuwa dirishani, nikarudi nyuma haraka wasije wakadhani nachungulia.

Kahawa nimeimwaga. Sakafu ni safi kama sahani.

Jumapili, 17 Novemba

Upepo. Nimeziba madirisha ya mbele kwa plastiki na mapazia mazito, nimekifunga chumba cha mbele ili kuokoa joto. Sasa naishi jikoni, upande wa nyuma, natazamana na msitu.

Jumatano, 27 Novemba

Nakwenda kwa Janelle kula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani. Nimebeba lile sanduku kubwa, kwa sababu nina blanketi la viraka nililomshonea mjukuu, na blanketi halikunjiki.

Wendell alikuwa kwenye sanduku lake la barua nilipokuwa napakia. Akavuka mpaka katikati ya barabara, akasimama hapo.

"Ndiyo unaondoka, shemeji."

"Ndiyo naondoka."

Akavua kofia, kwenye baridi ile, na kichwa chake hakina nywele hata moja. "Haya. Uende salama. Janelle msalimie."

Nikajisemea, mzee huyu leo kapatwa na nini.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimerudi. Chumba cha chini cha Janelle kina zulia jipya na taa ya kusomea, amenunua makusudi, na hakusema neno. Bora angesema. Theluji ilianza nikiwa njiani. Nilipofika ilikuwa giza la jioni, nikabonyeza rimoti nikiwa barabarani, nikaingia moja kwa moja mpaka ndani, mlango ukashuka. Sikukanyaga barafu hata hatua moja. Sharti limetimia. Niko kwangu, na theluji hii haiyeyuki tena mpaka Aprili.

Jumatatu, 2 Desemba

Mafua. Nimelala na supu.

Jumatano, 4 Desemba

Theluji. Nilipoamka mchana nikakuta njia yangu ya gari imeshasafishwa. Ni Janelle huyo, amemlipa mtu. Mashine yangu niliyoiandaa kwa mikono yangu iko pale inanitazama.

Ijumaa, 6 Desemba

Theluji. Hakuna mtu.

Jumamosi, 7 Desemba

Baridi. Hakuna mtu. Friza imejaa, sina hata sababu ya kwenda dukani.

Jumatatu, 9 Desemba

Acha niseme lililo moyoni, maana karatasi haitapeleka umbeya.

Walikuwa marafiki wa friji. Miaka yote nimewapikia, nimefagia nyayo zao, nimewasikia wakieleza samaki yule yule akinenepa kila mwaka, na kumbe walikuwa wanakuja kwa bia ya Reino na moto wa Reino. Moto umezimwa, hata salamu hakuna. Wendell anakaa ng'ambo ya barabara, si ng'ambo ya bahari. Namwona kupitia tundu la pazia akienda kuchukua barua, na hageuzi hata shingo. LaVonne naye, mwenye mdomo kama kinu, ghafla hana la kusema. Na nisiambiwe nipige simu mimi. Simu zao pia zina namba.

Wahenga walisema afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Hawakuwaona majirani zangu.

Jumatano, 11 Desemba

Leo nimezungumza na redio. Ilisema kesho mawingu, nikaiambia asante.

Mchana nilichukua simu nikapiga namba ya Janelle. Nilitaka kumwambia njoo unichukue, umeshinda. Ikaita mara moja, nikakata. Akapiga yeye.

"Mama, kuna nini?"

"Nimeikalia simu, ikajipigia."

"Uko salama?"

"Gari liko ndani," nikamwambia. Sikujua jibu jingine.

Nimepanga hivi: nikifika Jumapili bila sauti ya mtu, nampigia tena, na safari hii sikati. Nyumba isiyo na mtu wa kukuita jina ina tofauti gani na chumba cha chini.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo nitaandika yote.

Redio ilisema jioni hii baridi itashuka hadi digrii thelathini chini ya sifuri. Nilikuwa nakata vitunguu, saa tisa hivi, niliposikia mlango mdogo wa pembeni wa gereji ukifunguliwa kwa ufunguo, kisha buti. Mtu mzima, anatembea taratibu, anajua anakokwenda. Nikachukua kikaango cha chuma. Nikasimama nyuma ya mlango wa kutoka jikoni kwenda gereji, nikamsikia anasimama. Kisha sauti: "Lo."

Nikafungua mlango, kikaango juu. Wendell alikuwa amesimama kando ya gari langu, tochi mkono mmoja, mkono mwingine juu ya boneti, kama daktari anayepima homa.

Alinitazama uso, akatazama kikaango, akarudi usoni.

"Umerudi lini?" akauliza.

"Nimerudi kutoka wapi?"

"Kwa Janelle."

"Baada ya sikukuu. Tangu hapo niko hapa."

Akakaa. Hakukuwa na kiti, kwa hiyo akakaa juu ya ndoo ya mchanga.

"Tulijua umehama," akasema.

"Nani alisema nimehama?"

"Hakuna aliyesema. Tuliona." Akaanza kuhesabu kwa vidole, bila kunitazama. Mtumbwi ulitoka. Friji ilikwenda kanisani. Baraza la Reino likavunjwa, viti mpaka cha mwisho. Kisha sanduku kubwa, na nilipoambiwa ndiyo unaondoka, nikajibu ndiyo. Kisha gari halipo uani, mlango chini, mbele hakuna taa, theluji haina nyayo hata za kuku. "Huku kwetu gari lisipoonekana mtu hayupo, Arlys. Lako halijawahi kulala ndani tangu muijenge gereji hii."

"Na joto? Hukuona mvuke wa tanuri la kupasha nyumba joto unatoka juu ya paa?"

"Nilidhani umeliacha kwenye joto dogo, kama wote wanaoondoka. Ndiyo maana nimekuja. Baridi ya leo, tanuri likizimika maji yanaganda na mabomba yanapasuka. Reino alinipa ufunguo."

Nikashusha kikaango. Nikamwuliza nani anayesafisha njia yangu. Akasema yeye, alfajiri, ili wezi wasijue nyumba ni tupu.

Sasa hasira ikanipanda, ile inayopanda pamoja na machozi. "Wendell, una mdomo. Kwa nini hukuuliza? Siku ile ile ya viti, kwa nini hukuniuliza tu, Arlys, unahama?"

"Nilikuuliza Septemba. Ukasema unasafisha. Nikaona hutaki kusema. Sikutaka kuingilia mambo yako." Akakuna shingo. "Na wewe kwa nini hukupiga simu?"

"Sikutaka kusumbua."

Tukatazamana. Watu wawili wazima, mvuke ukitutoka midomoni. Tumezikana wakati tuko hai, kila mmoja upande wake wa barabara, kwa adabu tu.

Akaniambia LaVonne amenuna, anasema nimeondoka bila hata kumuaga, baada ya kufagia panya wangu. Kulungu wa mwaka huu waliwaning'iniza kwenye banda la Clifford, hakuna aliyekaa, kila mtu alichukua nyama yake akaenda kwao. Viti Clifford kavifunika turubai, haruhusu mtu avikalie.

"Tulikukasirikia kidogo," Wendell akasema.

"Mimi niliwakasirikia sana."

"Hiyo ni haki yako."

Ndipo nikalia, kwa sauti, mbele ya mwanamume, katika gereji safi kuliko zote katika kaunti hii. Wendell akafanya tunavyofanya huku. Akainuka, akachukua ufagio ukutani, akaanza kufagia sakafu isiyo na kitu.

Jumapili, 15 Desemba

Nimelitoa gari.

Sikuomba ushauri. Nimepandisha mlango, nimelirudisha nyuma mpaka uani, mahali pake pa zamani, pale panapoonekana barabara nzima. Nimevuta waya wa umeme kutoka ukutani nikalichomeka gari, maana lina kipasha joto kidogo cha umeme ili injini isigande, kisha nikamwaga mchanga njia yote kutoka gereji hadi mlango wa gari. Wendell akavuka barabara na jiko la chuma kwenye kigari.

"Janelle atasemaje?"

Basi nikamweleza habari ya sharti, yote, na aibu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungetuambia tangu mwanzo," akasema, "tungekujengea kibanda cha gari."

Clifford alifika kabla ya mchana. Alisimama mlangoni muda mrefu, akamwangalia mbwa akiingia kwanza. "Tulikukosa," akasema. Neno moja tu, lakini kwa Clifford hilo ni hotuba. LaVonne akaja saa nane na bakuli la viazi na nyama, bado moto, akanisema dakika kumi bila kupumua, halafu akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sikuutoa.

Jumanne, 17 Desemba

Janelle amepiga simu saa kumi. Wote walikuwepo, moto unawaka, mlango umepandishwa nusu ili moshi wa sigara ya Clifford utoke, theluji inaingia chini yake na hakuna anayejali. Nimejisogeza kando ya ukuta.

"Gari liko ndani, Mama?"

Angejuaje? Yuko mbali, mwendo wa saa nyingi na barabara za barafu. Ningesema ndiyo, Krismasi akija ningeliingiza kidogo, akiondoka nalitoa.

"Liko nje," nikasema.

Nikasikia anavuta pumzi ile ya kabla ya kulia. "Tuliahidiana."

"Tuliahidiana, na mimi nimevunja. Lakini nisikilize, ndipo uje unichukue ukitaka. Lilipokuwa ndani, nilikaa nusu ya mwezi na hakuna mtu huku aliyejua kama nipo. Ningeanguka jikoni, wangenikuta Aprili. Likiwa nje, watu wanajua nipo. Likiamka na theluji juu mpaka saa nne, Wendell anavuka barabara kuuliza kwa nini. Hicho ndicho kinachoniokota, Janelle, si ukuta wa gereji."

Nyuma yangu LaVonne alikuwa anamwambia Wendell samaki wake wa mwaka jana alikuwa mdogo kuliko kiatu, na Wendell anaapa kwa jina la mama yake.

"Nani hao?" Janelle akauliza.

"Majirani."

"Wote hao wako gerejini, kwenye baridi hii?"

"Watakaa wapi? Nyumbani hawaingii."

Nilikuwa najiandaa kwa sanduku, kwa zulia jipya na ile taa ya kusomea. Kisha akapangusa pua, nikamsikia, na akaniuliza swali ambalo baba yake aliniuliza kila jioni ya baridi kwa miaka yote tuliyoishi pamoja.

"Umelichomeka umeme?"

"Nimelichomeka, mwanangu."